Uzito Kwanza, Urefu Baadaye: Mafunzo Niliyopata Nikinyanyua Hilux ya Kazi

Pampu za maji za sola hazifungwi kando ya lami. Kazi yangu ya kuzifunga na kuzikarabati hunipeleka Longido, Monduli, Ngorongoro na Simanjiro, mahali ambapo kisima kiko ng'ambo ya korongo na kijiji kizima kinasubiri maji. Pikapu ninayoitumia ni Toyota Hilux dabo kebini, kizazi kile watu wetu wanachokiita Revo, dizeli ya lita 2.4. Mbele kila gurudumu lina mikono yake miwili, springi ya koili na shokapu yake. Nyuma kuna ekseli moja nzima inayokalia springi za bapa, zile zinazopangwa moja juu ya nyingine. Ford Ranger, Isuzu D-Max na Mitsubishi L200 zinazobeba mizigo huku kwetu nyingi zimejengwa hivyohivyo, kwa hiyo mwenye mojawapo ya hizo atajiona humu.

Wanaonijia kuuliza habari za kunyanyua gari karibu wote huanza na swali moja: ninyanyue inchi ngapi? Kwa maoni yangu swali hilo ndilo la mwisho kuulizwa. Gari la kazi hunyanyuliwa ili lisilale chini likipakiwa, lisigonge stopa zake za mpira kila likikuta shimo, na limfikishe fundi na vifaa vyake vikiwa vizima. Urefu unaouona gari likiwa limeegeshwa ni matokeo tu ya springi kukutana na uzito. Uzito usipojulikana, inchi zinazoandikwa kwenye boksi hazina maana.

1. Nenda kwenye mizani kabla ya kwenda dukani

Springi za nyuma huuzwa kwa madaraja: za gari lisilobeba kitu, za mzigo wa kudumu wa kilo 300 hivi, za kilo 500, na kuendelea juu. Za mbele nazo zina daraja la gari lenye bampa ya kiwandani, na daraja jingine la gari lenye bampa ya chuma na winchi. Mzigo unaohesabika hapa ni ule unaolala na gari na kuamka nalo mwaka mzima. Ule wa kupakia asubuhi na kushusha jioni una hesabu yake nyingine.

Chukua kalamu uorodheshe. Bampa ya chuma ina kilo 50 hadi 70. Winchi na waya wake, 30 na ushee. Madumu manne ya maji ya lita 20 ni kilo 80 kabla ya kuhesabu plastiki yenyewe. Ukibeba pipa la dizeli la lita 200, mafuta peke yake yanakaribia kilo 170. Bomba la chuma la inchi 2 lenye urefu wa mita 6, kama haya tunayoshusha visimani, lina kilo kama 30. Pakia kumi, tayari ni 300. Watu wanne wenye maungo ya wastani ni 300 nyingine. Hilux dabo kebini nyingi zimeruhusiwa na kiwanda kubeba kilo 800 hadi 1,000 hivi, na humo watu wanahesabiwa, bampa inahesabiwa, na kila ulichofunga baada ya kununua gari kinahesabiwa.

Kisha nenda ukapime kweli. Mizani ya magari ipo kwa wanunuzi wa nafaka na kwa wafanyabiashara wa vyuma chakavu. Jaza tangi, weka vifaa vyako vya kila siku, dereva abaki kwenye kiti chake. Pima magurudumu ya mbele peke yake, halafu ya nyuma peke yake, halafu gari zima. Linganisha na uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Tofauti ya mbele ndiyo inayochagua koili zako. Tofauti ya nyuma ndiyo inayochagua bapa zako. Ukiwa na karatasi hiyo mkononi, muuzaji hana nafasi ya kukukisia, na akijaribu kukuuzia kitu cha daraja jingine utamwona mapema.

Jambo moja nalisisitiza kila ninapopata mtu wa kunisikiliza: springi nzito haziongezi uwezo wa gari. Chasisi ni ileile, ekseli ni ileile, beringi na breki ni zilezile. Gari lililokaa sawasawa likiwa na tani moja na nusu mgongoni limezidiwa bado, ila sasa halionyeshi.

2. Gari tupu halina ushahidi

Yupo mzee mmoja mwenye gereji Arusha ambaye amehangaika na springi tangu enzi za Land Rover 109. Nilipompelekea Hilux ikiwa imeoshwa na kutolewa kila kitu, alinisimamisha getini.

"Kijana wangu, gari tupu halina ushahidi. Rudi na mzigo wako wa kawaida, ndipo tuzungumze."

"Sawa, mzee. Na mabomba niyalete?"

"Lete kila kitu. Hata yule kijana wako wa kushika spana, mlete aketi kwenye kiti chake."

Niliporudi alichukua futi na kupima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne. Hapimi kutoka chini, kwa sababu upepo wa tairi na usawa wa sakafu vinapotosha. Akaandika vipimo vya gari likiwa na mzigo, tukashusha vyote, akapima tena. Zile namba nane ndizo zilizoamua kila kitu kilichofuata. Zilionyesha kwamba mbele ilikuwa imeshuka kidogo tu, ilhali nyuma ilikuwa inalala kiasi cha kupandisha pua ya gari na kuelekeza taa kwenye vilele vya migunga.

Hapo ndipo watu wengi huamua kununua bapa nzito kuliko zote, kwa fikra kwamba nguvu nyingi haijawahi kumdhuru mtu. Inadhuru. Bapa za kilo 500 chini ya bodi isiyo na kitu hazikunjiki kabisa. Ekseli inaruka juu ya kila kijituta, tairi inakosa ardhi, na kwenye kona ya changarawe mkia wa gari unahama. Bodi nayo inapokea kila pigo: mabano yanachanika, waya za taa zinakatika, betri inachomoka kitako. Nimeona pikapu za kazi zilizofungiwa bapa za aina hiyo zikawa mbaya zaidi kuliko zilivyotoka kiwandani, na wenye nazo wakailaumu barabara.

Mimi nilichagua daraja la kilo 300, kwa kuwa vifaa vyangu vya kudumu vinakaribia hapo. Siku za mabomba gari linashuka, na ni sawa lishuke. Lina nafasi ya kushuka. Anayebeba mzigo mkubwa mara chache kwa mwezi namshauri achague springi kwa ajili ya siku zake nyingi, si kwa siku ile moja nzito, na siku hiyo aendeshe pole.

Kuna wanaotatua jambo hili kwa mifuko ya upepo inayowekwa kati ya ekseli na chasisi. Kwenye pikapu yenye bapa siipendi. Bapa hukabidhi uzito kwa chasisi katika sehemu mbili zilizo mbali, mbele na nyuma ya ekseli. Mfuko ukijazwa unausukuma uzito huo kwenye sehemu moja tu, katikati, na chasisi ya dabo kebini yenye mzigo mrefu unaoning'inia mkiani inaweza kupinda nyuma tu ya kebini. Hilo likitokea, hakuna springi itakayolirekebisha. Kwenye dabo kebini sehemu kubwa ya bodi iko nyuma ya ekseli, kwa hiyo sanduku la spana likae ukutani karibu na kebini, na mlango wa nyuma uachiwe vitu vyepesi.

3. Mbele, inchi mbili ndiyo mpaka wangu

Inchi mbili ni milimita 50 hivi. Kwa mbele ya Hilux, na za kundi lake, kiasi hicho kinapatikana kwa koili na shokapu sahihi bila kugusa mengi mengine. Ukipita hapo, kila sentimita inadai kitu. Sivi jointi za ekseli ya mbele zinafanya kazi zikiwa zimepinda zaidi. Buti zake za mpira zinajikunja, zinachanika, vumbi linaingia, grisi inatoka. Mkono wa juu unakaribia kugusa koili gurudumu linaponing'inia. Kasta inapungua, yaani ile pembe inayoufanya usukani urudi wenyewe katikati unapotoka kwenye kona, na ikipungua gari linatangatanga kwenye lami. Barabara ya Namanga ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa na malori yanakuja usoni si mahali pa kuwa na usukani usiojua katikati ni wapi.

Dawa zipo: mikono ya juu ya umbo jingine, vipande vya kushusha difu ya mbele, alaimenti ya kina zaidi. Zote ni fedha, na zote ni za kurekebisha tatizo ambalo hukuwa nalo. Kama kazi yako kweli inahitaji inchi nne, nunua vyote kwa pamoja. Kama haihitaji, baki kwenye mbili, na ziada uitumie kwenye shokapu, ambazo nitazifikia.

Spesa, yale mapande ya chuma au plastiki ngumu yanayowekwa juu ya shokapu ya mbele bila kubadilisha springi, ndiyo njia rahisi kuliko zote na inavutia kwa sababu hiyo. Gari linapanda. Lakini springi ni ileile iliyochoka, shokapu ni ileile, na gurudumu sasa linaweza kushuka chini kuliko mahali sivi jointi na boljointi zilipopangiwa kufika. Kwa gari linaloenda sokoni sitabishana na mtu. Kwa gari linalovuka makorongo, sikubali.

Wenye pikapu za zamani zaidi, Hilux za kabla ya 2005 na Isuzu au Nissan za umri huo, wengi wana tosheni baa mbele badala ya koili. Hizo zina bolti ya kukaza, na mwenye spana anainua pua ya gari kwa robo saa. Ajue kwamba kukaza hakuongezi ugumu wa ile baa. Kunachofanya ni kuhamisha nafasi: gurudumu lililokuwa na uwezo wa kushuka kufuata shimo sasa limekaribia mwisho wake, na kila likishuka linagonga stopa yake kwa kishindo. Kaza kidogo kurudisha kilichoshuka kwa uzee; usikaze kutafuta inchi.

Land Cruiser 79 ni habari nyingine, kwa kuwa ina ekseli nzima mbele na sivi jointi zake hazipindi zaidi gari likipanda. Ila kasta yake nayo inapungua, na ile fimbo inayoishika ekseli kwa ubavuni huivuta pembeni kadiri gari linavyopanda. Bushi maalumu za kurudisha kasta zinauzwa. Mwombe fundi azifunge siku ileile.

4. Springi haziinui difu ya nyuma

Hili ndilo jambo linalowashangaza watu kuliko yote, ingawa ukilala chini ya gari unaliona kwa macho. Difu ya nyuma imo ndani ya ekseli, ekseli imekaa kwenye magurudumu, na springi ziko juu yake. Nyanyua gari inchi sita ukipenda: bodi itapanda, chasisi itapanda, tangi litapanda, lakini lile boga la difu litabaki palepale, umbali uleule kutoka kwenye jiwe. Kinachoiinua ni tairi peke yake.

Nayo tairi inatoa kidogo kuliko watu wanavyodhani. Hilux nyingi za Revo huja na 265/65R17, yenye kipenyo cha milimita 776 hivi. Ukiweka 265/70R17 unapata milimita 803. Tofauti ni 27, na kwa kuwa nusu yake tu iko chini ya ekseli, difu inapanda milimita 13 na nusu. Wakati huohuo spidi mita inaanza kukudanganya: inaposoma 100, wewe uko 103 na ushee. Gia zinakuwa nzito kidogo na breki zinazuia gurudumu kubwa zaidi. Kwa mawe ya volkano ya njia ya Engaruka kuelekea Ziwa Natron nimeona kiasi hicho kinafaa. Zaidi ya hapo inabidi kukata madigadi na kufikiria upya uwiano wa gia, na mimi nahitaji gari la kufungia pampu tu.

Kwa hiyo dereva mwenye gari lililonyanyuliwa bado anapaswa kujua difu yake iko upande gani. Jiwe la katikati ya njia unalipandia kwa tairi, hulipitishi kati ya magurudumu.

5. Shokapu ndizo zinazofanya kazi usiyoiona

Springi hubeba gari; shokapu huizuia springi isicheze ngoma. Kila gurudumu linapopanda na kushuka, pistoni ndani ya shokapu inasukuma mafuta kupitia vitundu vidogo, na nguvu ya mrusho inageuka joto. Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Barabara kama ile ya kutoka Ngorongoro kuteremka hadi lango la Naabi ina vijituta vya mfululizo, mawimbi ya changarawe yasiyohesabika, na kila wimbi ni pigo moja la pistoni. Baada ya nusu saa shokapu nyembamba za kiwandani zinakuwa za moto kiasi kwamba huwezi kuzishika. Mafuta yanakuwa mepesi, hewa iliyomo ndani inachanganyika nayo na kufanya povu, na povu halizuii kitu. Ghafla gari linaanza kuyumba mkia, dereva anadhani tairi imepasuka. Akisimama kunywa chai, shokapu zinapoa, naye anaondoka akiamini tatizo limekwisha.

Zipo njia tatu kuu za watengenezaji kupambana na hali hiyo. Ya kwanza ni kujaza gesi ya naitrojeni kwa shinikizo ndani ya shokapu yenye mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, ili mafuta yasifanye povu kwa urahisi. Ya pili, bado kwa mirija miwili, ni kuiondoa ile gesi na kuweka kipande cha sponji ngumu kinachochukua nafasi yake. Hewa haipo, povu halipo. Hizi huwa nene na zina mafuta mengi, kwa hiyo zinachelewa kupata moto. Ya tatu ni mrija mmoja tu, mafuta upande mmoja na gesi upande mwingine, pistoni ya kutenganisha ikiwa katikati. Hiyo hupoa upesi kuliko zote, kwa kuwa mafuta yanagusa ukuta wa nje moja kwa moja.

Kwa maelezo hayo mtu angechagua ya mrija mmoja bila kufikiri. Tatizo lake ni mawe. Pistoni yake inatembea ndani ya ukuta uleule wa nje, na jiwe likirushwa na tairi likaubonyeza ukuta huo, pistoni inakwama au inajikwangua na shokapu imekufa. Ile ya mirija miwili ikibonyezwa nje, mrija wa ndani unaendelea na kazi. Kwa anayeendesha sana kwenye vumbi na vijituta vya tambarare, mrija mmoja wenye kinga nzuri ni chaguo la heshima. Mimi ninayepita Engaruka nimechukua nene za mirija miwili zenye sponji, na sijaona sababu ya kubadili.

Seti nyingi zinazouzwa kwetu zimebuniwa Australia. ARB, inayomiliki jina la Old Man Emu, ilianzishwa Melbourne mwaka 1975. Si ajabu zikafaa hapa: barabara zao za bara zina vijituta na joto kama letu, na wao pia wanaziendesha Hilux hizihizi. Hata hivyo, jina kwenye boksi halinitoshi. Ninachouliza dukani ni mambo matatu: unene wa pistoni, kama shokapu imelinganishwa na daraja la springi ninazonunua, na kama bushi na mpira wa kinga vinapatikana Arusha au Nairobi bila kuagiza. Lile la katikati ni zito. Springi ngumu ikiwa na shokapu laini inarusha gari. Springi laini na shokapu ngumu inashindwa kurudi chini upesi, na katika vijituta gari linazidi kujikunja hadi linakalia stopa. Nunua vyote viwili kwa mtengenezaji mmoja, kwa daraja moja.

Na upepo wa tairi ni sehemu ya shokapu. Ukiingia kwenye rafu rodi ndefu, punguza upepo kwa robo hivi na upunguze mwendo pia. Tairi laini inameza vijituta vidogo kabla havijafika kwenye pistoni. Ukirudi kwenye lami, jaza. Pampu ndogo ya upepo ya kutumia betri ya gari ni kifaa cha bei ndogo ambacho kimeokoa shokapu zangu.

6. Kukunja bapa na kurefusha sheko

Mafundi wetu wa springi ni hodari, na ningependa waheshimiwe zaidi. Lakini bapa iliyolala ikipashwa moto na kugongwa hadi irudishe umbo lake, bila kuzimwa na kupashwa upya kwa utaratibu wa chuma cha springi, itasimama vizuri siku za mwanzo na kulala tena. Kuongeza bapa moja mpya katikati ya zilizopo ni bora, mradi unene wake uendane na wenzake. Bapa nene ya lori ndogo ikiingizwa humo inabeba yote peke yake na hukatika.

Sheko ndefu huinua nusu tu ya urefu ulioongezwa, kwa sababu zinainua ncha moja ya springi. Zinageuza pia pembe ya ekseli, na propela inaanza kutetemeka. Vitalu vya chuma kati ya ekseli na bapa vinainua kikamilifu, lakini gari likivuta mzigo mlimani ekseli inapata mkono mrefu wa kuzisokota bapa. Kwenye gari langu sijaviweka na sitaviweka.

7. Yasiyomo ndani ya boksi

Hilux nyingi zina vali inayogawa nguvu ya breki za nyuma kulingana na mzigo. Imefungwa kwenye chasisi, na fimbo yake imeshikamana na ekseli. Bodi ikishuka, vali inaelewa kuna mzigo, inaruhusu nguvu zaidi nyuma. Ukinyanyua gari bila kurekebisha fimbo hiyo, vali itaamini gari ni tupu hata ukiwa umejaza mabomba, na breki za nyuma zitafanya kazi nusu. Unateremka Mto wa Mbu kutoka Rhotia, mbele kuna basi, na magurudumu mawili ya mbele yanabeba kazi ya manne. Fundi wako asipoijua vali hii, tafuta mwingine kabla hajafungua nati ya kwanza.

Angalia pia mipira ya breki: gurudumu likining'inia mpaka mwisho, mpira usivutwe. Propela ya vipande viwili ina senta beringi, na gari likinyanyuliwa nyuma inaweza kutetemeka unapoondoka gia ya kwanza. Vipande vidogo vya kuishusha beringi hiyo humaliza kelele. Taa za mbele zirekebishwe usiku huohuo gari likiwa na mzigo, kwa heshima ya wanaokuja mbele yako. Na kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi kwamba gari limebadilishwa, kabla haijatokea haja ya kuijulisha.

8. Namna ya kufunga ni nusu ya ubora

Bushi za mpira hazizunguki; zinajisokota. Ukikaza bolti zake gari likiwa kwenye jeki, magurudumu yakining'inia, ukilishusha bushi zote zimekwishasokotwa kabla ya kufika barabarani, na zitachanika mapema sana. Bolti za bushi hukazwa mwisho gari likiwa limekaa kwa uzito wake wote. Ni jambo dogo, linachukua dakika chache, na linaachwa mara nyingi mno. Mimi husimama pale na kuangalia, kwa adabu lakini bila kuondoka.

Yubolti za zamani zisirudishwe, zimekwisha kuvutika. Mpya zikazwe kwa kupishana pembe, kidogo kidogo, kisha zikazwe tena baada ya kilomita 500 hadi 1,000, kwa maana bapa mpya hujikalisha na kuacha uwazi. Senta bolti iingie barabara kwenye tundu lake la ekseli. Alaimenti ifanywe mara baada ya kufunga, na irudiwe springi zikishatulia, baada ya wiki chache. Siku hiyo ya pili pima tena zile pembe nne kwa futi, kutoka katikati ya rimu hadi madigadi, na uandike pembeni ya namba za mwanzo. Nyuma ikiwa imekaa juu ya mbele kidogo gari likiwa tupu, na vipimo vikakaribiana likiwa na mzigo wako wa kila siku, springi zimepatikana.

9. Fedha isipotosha vyote kwa pamoja

Wengi wetu tunanunua kwa awamu, na mpangilio una faida na hasara zake. Kabla ya chochote, badilisha bushi, boljointi na tairodi zilizochoka. Mara nyingi gari linalodhaniwa linahitaji kunyanyuliwa linahitaji tu kurudishwa lilipokuwa. Kisha bapa na shokapu za nyuma kwa pamoja, kwani mzigo uko huko. Koili na shokapu za mbele zifuate zikiwa jozi, na kwa gari lenye bampa ya chuma zisicheleweshwe sana, maana nyuma iliyopanda na pua iliyolala huutia uzito mbele na kuzichosha breki za huko. Tairi kubwa zije mwisho, zile za zamani zikiisha zenyewe.

Na kama fedha iliyopo inatosha kitu kimoja tu mwaka huu, kwa mtu anayepita vijituta kila wiki, anunue shokapu mbili nene za nyuma za urefu uleule wa kiwandani. Gari halitapanda hata milimita moja, ila litafika Endulen likiwa limeishika barabara kutoka mwanzo hadi mwisho.